Injini imesukwa upya, mbio inazo, lakini kwenye sailensa inatetemeka

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 1999, niko Arusha. Injini ya EJ20 imesukwa upya: pistoni za chuma cha kufuliwa (forged), kemshafti za digrii 272, nozeli kubwa, na blow-off (vali ya kuachia upepo wa turbo) inayotoa upepo nje. Kuanzia resi 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) gari linaruka vizuri sana. Nikisimama, resi zinapanda na kushuka kati ya 700 na 1,300, linamisi na wakati mwingine linazima. Geji ya vakyumu inasoma inchi 11 za zebaki. Fundi wangu anataka kupandisha sailensa (resi za injini bila kukanyaga mafuta) hadi 1,500. Nikubali?

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Tatizo litabaki palepale, sema utakuwa hulisikii tena.

Maelezo yako yana dalili moja nzuri: ugonjwa unapotea resi zikipanda. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo na mafuta kidogo, kwa hiyo kosa dogo linakuwa sehemu kubwa ya mchanganyiko. Barabarani kosa hilohilo linamezwa. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, ungeona kinyume chake: sailensa tulivu, nguvu zinakata ukikanyaga.

Kwanza hiyo inchi 11 isikutishe. Injini yenye kemshafti za kiwandani pale Dar es Salaam husoma kama 19 au 20. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huko inapunguza kati ya inchi 4 na 5. Ongeza kemshafti za 272, ambazo zinaacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na 11 inaeleweka. Angalia mshale wenyewe. Ukitulia chini, fikiria hewa inayovuja au taiming. Ukirukaruka kwa mpigo ule ule, kuna silinda moja yenye shida ya vali, plagi au koili.

Kabla ya mtu yeyote kufungua laptopu kupanga kompyuta ya gari, pimeni kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa. Kinachotafutwa ni silinda nne kufanana. Tofauti ikizidi asilimia 15 kati ya ya juu na ya chini, simameni hapo. Ringi mpya zinaweza kusoma chini kidogo kabla hazijakaa, ila vali iliyobanwa kwa nafasi finyu haitajirekebisha. Ikipata moto haifungi, mwishowe inaungua. Kemshafti zikibadilishwa, nafasi za vali lazima zipimwe upya kufuata karatasi iliyokuja nazo.

Kisha fungueni kava za mkanda wa taiming, ule unaozungusha kemshafti. Kwenye EJ20, kemshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za vali wakati mkanda unavalishwa, na jino moja linaruka kirahisi sana. Injini itawaka na hata kwenda. Zungusheni krenki kwa mkono mizunguko miwili, alama za puli zote zirudi mahali pake.

Hewa ndiyo ninayoishuku zaidi. Kompyuta ya gari lako inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na chujio; yote inayoingia baada ya hapo haihesabiwi. Hiyo blow-off, springi yake ikiwa laini, vakyumu ya sailensa inaivuta ikafunguka na kunyonya hewa ya nje. Izibeni kabisa kwa muda, msikanyage hadi turbo ipulize, mwone kama resi zinatulia. Zikitulia, kazeni springi au, bora zaidi, rudisheni upepo wake kwenye paipu ya kuingilia turbo. Kwa gasketi za manifoldi na mipira midogo tumieni mashine ya moshi, inayoonyesha panapovuja. Kupulizia dawa ya kabureta karibu na turbo ya moto ni kulichoma gari.

Mwisho ndiyo nozeli. Kwenye sailensa hufunguka kama milisekunde 2, na karibu 1 kati ya hizo inaishia kwenye kuamka tu kabla mafuta hayajatoka. Kompyuta ikidanganywa kwa milisekunde 0.2 kuhusu muda huo wa kuamka, mafuta yanakosewa kwa asilimia 20. Mpe mpangaji wa kompyuta namba za kuamka za nozeli hizo hasa, kwa kila volti ya betri, siyo ujazo wake peke yake.

Wakati wote huu, msiiache injini iungurume nusu saa mkibahatisha. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya zinakaa kwa mzigo wa barabarani. Vuta kijiti cha oili; ikinuka petroli, imwage na uweke mpya kabla ya kupanga kompyuta.

Yote yakiwa sawa, mwambie mpangaji aweke sailensa kati ya 950 na 1,000. Utabaki mtetemo kidogo, na kwa kemshafti hizo huo ni wa kawaida.