Nani atakaa na mtoto chini ya mkoko?

Swali lenu la wiki hii ni kama mtoto wa leo ana haja ya daftari la kuchora miti na wadudu huko nje, ama kamera ya simu yatosha. Nililisoma kwenye foleni ya feri pale Likoni na mpaka navuka bado lilikuwa linanikera, kwa hivyo wacha nijibu, na mnivumilie manake nitaenda kwa urefu.

Haitoshi. Hilo naliweka mbele kabisa.

Mtoto wa dada yangu aliambiwa shuleni alete picha ya mti unaomea pwani. Wazazi wa CBC, ule mtaala wa shule zetu Kenya, mnajua inavyokuwa, saa mbili usiku ndio unasikia kuna kazi ya kesho. Baba yake akakimbia saiba kabla hawajafunga, akatafuta kwenye intaneti, akaprinti picha ya rangi, ikabandikwa, mwalimu akatia tiki, yakaisha. Ilikuwa minazi imejipanga kwenye ufuo wa nchi nyingine kabisa na nyuma kuna mahoteli marefu. Na huyu mtoto yuko Ukunda! Kutoka kwao hadi mikoko ya kijiji cha Gazi ni matatu moja tu, hujakaa vizuri umeshafika. Mimi sikumlaumu baba yake, alikuwa amechoka, lakini lile jambo liliniuma na linaniuma hadi leo, manake mtoto alipata alama kamili na mti hajauona.

Mimi huchora. Sikusomea, nina daftari, penseli na kalamu nyeusi, na mahali ninapopenda zaidi ni pale Gazi, kwenye ile njia ya mbao ya kikundi cha kina mama inayokatiza katikati ya mikoko. Wanaosema kuchora maumbile ni mambo ya wazungu wanaokuja na viti vya kukunja, naomba wamtazame mchoraji wa hina usiku wa kuamkia harusi, jinsi anavyotoa jani, shina na ua kwenye mkono wa bi harusi bila kufuta hata mara moja. Huo ujuzi uko kwetu, tena uko mikononi mwa wanawake, kilichobaki ni kuutoa nje.

Sasa utofauti wa kamera na penseli ni huu. Ukipiga picha mikoko unapata miti kwenye matope, basi. Ukianza kuchora, penseli inakuuliza maswali. Huu mzizi umetokea wapi? Ndipo unaona mkoko wenyewe unarusha mizizi yake kutoka juu kwenye shina, inapinda hewani, inagawanyika, ndio inaingia topeni. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hauna habari hiyo, mizizi yake imelala chini ya tope na kinachoonekana juu ni vijiti vingi vimesimama wima kuuzunguka mti, vya kuvutia hewa. Mlilana, aina nyingine tena, nao una vijiti lakini vinene, na wenyewe unapenda kukaa mbele kabisa unakopigwa na maji. Kenya tuna aina 9 za mikoko, na watu wazima waliozaliwa pwani hii hii wanaiita yote mkoko.

Na kaa! Wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kuliko lenzake. Ukija na simu unainama, wote washaingia mashimoni, unapiga picha ya mashimo. Mwenye daftari amekaa tu kimya, na baada ya muda anatoka mmoja, anatoka wa pili, halafu tope zima linaanza kupunga mikono.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kuhusu mzee mmoja, sitamtaja jina. Nilikuwa nimekaa kwenye ile njia ya mbao, maji yamekupwa, nachora mizizi ya mkoko mmoja na mashina ya nyuma yake. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea kusimama. Si mnajua wazee wetu, hakuniuliza nafanya nini, alitazama daftari, akatazama miti, akatazama daftari tena. Halafu akasema, "Mizizi nimeiona. Maji je?"

Nikamwambia maji yamekupwa, mzee. Akacheka kidogo, akachuchumaa, akanionyesha chaza walioganda kwenye mizizi. Wameganda kutoka chini kwenye tope hadi mahali fulani, halafu basi, juu ya hapo mzizi ni mtupu. Akanyoosha kidole mzizi wa pili, wa tatu, mti wa jirani, wote chaza wameishia kimo kile kile, kama mtu amepiga mstari kwa rula. Akasema hapo ndipo bahari inapowafikia vya kuwatosha, juu zaidi ya hapo chaza hakai, kwa hivyo hata maji yakiwa hayapo alama yake ipo. Nilikuwa nimeitazama ile mizizi asubuhi nzima. Nikachora chaza, na ule mchoro ukawa na bahari ndani yake bila tone la maji.

Akaketi. Akaanza kuyasoma yale mashina niliyoyachora, moja moja, kwa kidole. "Hii fito. Hizi mbili pau. Huu boriti. Na ule wa nyuma ukiachwa, nguzo." Kumbe ujana wake alikuwa mkata boriti, na hayo ni majina ya miti ya kujengea kwa unene wake, macho yake yanaupima akiwa mbali. Akanieleza mlilana ndio wa kutolea mataruma, zile mbavu za jahazi, kwa vile unavyopinda, akanieleza magamba ya miti yanavyotolewa, akanieleza majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti kwenda Uarabuni mpaka serikali ilipokataza kuzipeleka nje 1982. Halafu akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Mombasa, Mji wa Kale. Akaniuliza, chumba cha nyanya yako kilikuwa na upana gani?

Nikafikiri. Chumba chembamba, kirefu, kitanda upande huu na kabati upande ule na katikati ni pa kupita mtu mmoja. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema, "Basi huo ndio urefu wa boriti." Yaani nyumba zetu za mawe, Mombasa, Lamu, kote huko, vyumba vyake havipiti mita 3 hivi kwa sababu dari imebebwa na boriti ya mkoko na boriti haiendi mbali zaidi ya hapo. Nimelala chini ya zile boriti utoto wangu wote nikizihesabu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chumba kilikatwa kwa kipimo cha mti.

Kitu kimoja tena alinionyesha, kwamba miti ya upande mmoja kwenye daftari langu ilikuwa imetoka kwa mistari. Ile imepandwa, akasema. Msitu ule ulikatwa sana miaka ya 1970, kuni za viwanda, na miaka ya 1990 ndio upandaji ukaanza. Leo wenyeji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao wa Mikoko Pamoja, tangu 2013, wanalipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu, na hela zinaingia kwenye maji na shule. Mimi mkono wangu ulichora mistari ile kwa sababu ndivyo miti ilivyosimama.

Sasa niko hapa naandika na najiona nimeanza kulegea. Manake nikiuliza ni nini kilichonifundisha siku ile, ni daftari au ni mzee? Daftari lilinikalisha mahali pamoja mpaka mtu akapata nafasi ya kunijia, na mtu wa simu huwa ameshaondoka, hilo nalishikilia. Lakini maneno ya mzee niliyaandika pembeni ya mchoro kwa haraka na mengi yamenipotea. Simu ingeichukua sauti yake yote. Sasa amefariki, Mungu amrehemu, na lile simulizi la majahazi nimebaki na vipande.

Kwa hivyo mkinibana nichague, mtoto mwenye daftari aliyeachwa peke yake chini ya mti, na mtoto mwenye simu aliyekaa na mtu mzima anayeujua ule mti, nitachagua wa simu. Sikukaa chini nikidhani nitaandika hivyo. Ila, na hii ila ni kubwa, huyo mtu mzima kwenye nyumba nyingi hayupo, au yupo kazini mpaka usiku, na hapo daftari ndilo litakalomfanya mtoto akae mpaka ajitokeze mwingine. Na ndege mpigeni picha tu, ndege hawangoji mtu.

Mtoto wa dada yangu nampeleka likizo hii. Mkitaka kwenda angalieni kwanza siku za bamvua, maji yakupwe vizuri muone mizizi mpaka chini, lipeni kiingilio cha kina mama bila kubishana, na muwaulize kwa adabu ni nani pale kijijini aliyewahi kukata boriti. Penseli iwe laini, 2B hivi, karatasi hushika unyevu wa bahari na penseli ngumu huichana.