Mmerithi chumvi ya Bahi? Anzeni na udongo

Kama wazee wenu waliwaachia eneo la kukwangua chumvi kandokando ya bwawa la Bahi, mkoani Dodoma, na sasa mnataka kuirudisha kazi ile, msikimbilie vifungashio. Anzeni na udongo, maana ujuzi mwingi wa wazee uko hapo.

Bonde la Bahi halina njia ya kutolea maji. Mto Bubu huingia, jua hunyonya maji, na kilichoyeyuka njiani hubaki juu ya tope. Kukwangua ni kazi ya kiangazi, Julai hadi Oktoba, maji yakisharudi nyuma. Chukueni ganda jeupe tu, sentimita 1 au 2. Mkizidi hapo mnabeba tope, na tope huziba kichujio. Mvua ya kwanza ikinyesha, chumvi huzama tena ardhini. Fungasheni vyombo hadi mwakani.

Si kila ganda jeupe ni chumvi ya kula, mengine ni magadi. Korogeni konzi mbili za ganda kwenye kikombe cha maji, acheni yatulie, mimineni yale maangavu pembeni kisha kamulieni ndimu. Yakitoa povu la nguvu, sehemu hiyo ina magadi mengi. Msitegemee moto uyatenge: maji yakikolea, magadi huganda pamoja na chumvi, na mara nyingine hutangulia. Wazee walijua kipande kwa kipande wapi pa kukwangua na wapi pa kuruka. Wale walio hai watembezeni shambani, kila sehemu iwekewe alama na iandikwe daftarini.

Kwa kuchuja, tumieni tenga au ndoo iliyotobolewa kitako. Tandikeni nyasi kavu unene wa vidole vinne, jazeni udongo mliokwangua bila kuushindilia, mimineni maji taratibu. Yanayodondoka kwanza ndiyo makali, yawekwe peke yake. Yanayofuata ni hafifu, yarudisheni juu ya udongo mpya. Kipimo ni yai bichi la kuku, jipya: likielea, maji yana chumvi kama asilimia 10.

Wengi huwasha moto hapo hapo, na hasara huanzia hapo. Kwa maji ya asilimia 10, kilo 1 ya chumvi inataka ukaushe kilo 9 za maji. Yakifika asilimia 20, ni kilo 4 tu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ardhi yetu ilikuwa inaliwa na mmomonyoko. Tukikata miti tunaurudisha mmomonyoko huo, kwa hiyo kuni za kuchemshia maji hafifu hatuna. Yatandazeni kwanza juani kwenye nailoni nyeusi, kina cha sentimita 5 hivi. Jua la Dodoma lina nguvu za kutosha kuigandisha chumvi yote bila moto, mkiwa na subira.

Mnaolazimika kuchemsha, acheni sufuria za alumini. Maji yenye magadi huzila. Pipa la chuma hutoa kutu na chumvi inatoka ya kahawia. Chungu cha udongo au chuma cha pua ndivyo vinavyofaa. Na msikaushe hadi tone la mwisho, maana uchungu hubaki kwenye maji hayo. Vuneni chembe zikiwa bado zimefunikwa, zichujeni, kisha zisuuzeni kwa maji ya chumvi yaliyokolea kabisa. Maji ya kawaida yatayeyusha mavuno yenu.

Kuhusu soko, tuseme wazi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Uvinza, ambako chumvi ya chemchemi imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa bei, chumvi yenu ya kupika chunguni haiwezi kuishinda ile inayosafiri kwa behewa. Uzeni usafi na asili yake. Isiyo na madini joto, yaani ayodini, iwekeni kando kwa wafugaji, kwenye viroba vyenye alama tofauti.

Ya kula lazima iwe na madini joto, la sivyo mnawauzia majirani rovu, ule uvimbe wa shingoni. Yeyusheni gramu 34 za potasiamu ayodeti kwenye lita 1 ya maji. Mililita 100 za maji hayo zinatosha kilo 50 za chumvi, sawa na miligramu 40 za madini joto kwa kilo. Tandazeni chumvi kavu kwenye turubai, nyunyizeni kwa bomba la mkono, geuzeni, nyunyizeni tena. Ikiwa na unyevu au ikikaa juani, madini hupotea, hivyo ifungwe mapema kwenye mifuko ya nailoni.

Leseni nayo isiachwe kwa jina la baba mdogo mmoja. Chumvi ni madini kisheria, na leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7. Mwenye jina akifariki katikati, familia hugombana huku msimu ukipita. Leseni hupewa pia ubia au kampuni ya Watanzania: sajilini, andikeni hisa za kila tawi la ukoo, wakiwemo mabinti walioolewa, kabla ya kukwangua debe la kwanza.