Valvu haifi bure: ushauri kwa fundi mpya wa amplifaya za gitaa za zamani

Amplifaya ya kwanza niliyoaminiwa kuitengeneza peke yangu ilikuwa ya Kimarekani, ya miaka ya 1960, yenye valvu mbili za 6V6, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, upande wa nguvu unaoendesha spika. Mwenyewe alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi, na Jumamosi alikuwa na shoo. Valvu moja ilikuwa imekufa. Nikachomeka jozi mpya, nikawasha, sauti ikatoka tamu, nikampigia simu aje. Kabla hajafika, bamba, kile chuma kikubwa ndani ya kioo, la valvu moja mpya lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Nilizima nikiwa nimechelewa, na valvu ile niliilipa mimi.

Valvu haikuwa na kosa. Kapasita inayopitisha sauti kwenda kwenye gridi ilikuwa inavuja, ikiruhusu volti chanya chache zipenye mahali zisipotakiwa. Gridi hutegemea volti hasi ili kuubana mkondo. Ukiipunguzia hasi yake, valvu inafungulia mkondo mwingi na kujipika. Hata ningeweka valvu ghali kuliko zote, nayo ingekufa vilevile.

Ndiyo maana nawasihi ninyi mnaoanza: kabla ya kuuliza ununue valvu gani, uliza iliyokufa imeuawa na nini. Chomoa valvu za nguvu, washa, weka mita ya volti kwenye pini namba 5 ya kila soketi ya 6V6, 6L6 au EL34. Kama amplifaya ina bayasi ya kudumu, yaani gridi inaletewa volti hasi kutoka chanzo chake maalumu, utakuta volti hizo hasi, mara nyingi kati ya 30 na 55, na pande zote mbili zikaribiane sana. Upande mmoja ukiwa na hasi pungufu, shuku kapasita yake. Pima pia rezista za skrini, ile gridi ya pili iliyo kati ya gridi ya kwanza na bamba. Kwenye Fender nyingi ni omu 470, kwenye Marshall omu 1,000, na valvu inapofia kazini huwa inaondoka nazo.

Hapo ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita za usambazaji huzitunza hata waya ukiwa umeng'olewa ukutani. Zitoe chaji kwa rezista, kisha upime kuhakikisha. Wala usiwashe amplifaya yenye valvu zake bila spika. Transfoma ya kutokea, iliyo kati ya valvu na spika, ikiwa ya zamani na ikaungua, kupata ya aina yake ni safari ndefu.

Sasa tuje kwenye kununua. Wanaoanza wengi hununua jina. Mullard wa zamani, wanaosifiwa na wapiga gitaa, walitengenezwa Uingereza, na kiwanda chao kikubwa kilikuwa Blackburn. Valvu mpya yenye jina Mullard leo inatoka Saratov, Urusi, kwenye kiwanda kile kile kinachotoa Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol na Genalex Gold Lion. Majina yamenunuliwa na kampuni moja ya New York, New Sensor. Sisemi ni mbaya. Baadhi naziweka kwa wateja kila mara. Nasema usilipe bei ya Blackburn kwa bidhaa ya Saratov. Kuna pia JJ wa Čadca, Slovakia, na viwanda vya China. Kampuni nyingi nyingine unazoziona madukani hazina kiwanda. Hununua kwa hao, hupima, hupanga jozi, kisha hubandika nembo yao. Kupima huko kuna thamani kama kumefanywa kweli, kwa hiyo mwulize muuzaji: umepima kwa volti ngapi, na utanirudishia ikifa ndani ya miezi mitatu? Asiye na jibu, mwache. Mwaka 2022 mizigo ya Urusi ilipokwama na bei zikapaa, niliona watu wakiuziwa valvu zilizochomolewa kwenye amplifaya nyingine kana kwamba ni mpya.

Valvu za zamani ambazo hazijawahi kutumika ni nzuri mno ukizipata za kweli. Rangi ya nembo hufutika na kuchapwa upya kwa dakika chache, kwa hiyo usiitazame hiyo. Tazama kilicho kwenye kioo chenyewe: Mullard ina msimbo mdogo uliokwanguliwa chini ya kioo, wenye herufi B kwa Blackburn, na Telefunken nyingi zina alama ya almasi kitakoni katikati ya pini. Doa la fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo ni ya kutupa. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye ukuta wa kioo usikutishe. Unaoogopesha ni wa zambarau au waridi, unaojaa katikati ya vyuma kama moshi.

Aina lazima zifanane na amplifaya, si soketi tu. EL34 inaingia kwenye soketi ya 6L6 bila shida, lakini uzi wake wa joto unakula ampea 1.5 wakati 6L6GC inakula 0.9, na pini yake namba 1 inatakiwa iunganishwe na namba 8. Transfoma isiyotarajia mzigo huo itachemka. Nayo 6V6GT, karatasi za kiwanda za zamani hazikuiruhusu kupita volti 350 kwenye bamba, ilhali mchoro wa Fender Deluxe Reverb unaonyesha volti zaidi ya 400. Za Kimarekani za enzi hizo zilivumilia. Za leo, baadhi hazivumilii, na mimi kwenye amplifaya hiyo huweka JJ 6V6S kwa sababu imejengwa kwa volti za juu.

Ukishaweka jozi iliyolingana, pima bayasi. Chukua EL34: bamba lake linabeba wati 25. Kwa bayasi ya kudumu, wengi wetu hatupiti asilimia 70 amplifaya ikiwa kimya, yaani wati 17.5. Ukipima volti 450 kwenye bamba, gawanya: miliampea 38 au 39 kwa kila valvu, basi. Rezista ya omu 1 kati ya kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, na chasisi inakupa hesabu hiyo kirahisi, kwani kila milivolti ni miliampea moja. Vox AC30 yenye EL84 nne inajipangia bayasi yenyewe kupitia kathodi, lakini usidhani haihitaji kupimwa. Inafanya kazi kwa joto kali, na EL84 ni valvu ya wati 12 tu.

Umeme wetu nao una sehemu yake. Amplifaya ya Kimarekani ya volti 117 ikilishwa na transfoma ya kupunguza kwa nusu, siku laini ikipanda hadi 250 inapata 125. Uzi wa joto unaotaka 6.3 unapata 6.7, na bamba la 420 linakaribia 450. Pima ukutani jioni, wakati bendi zinapopiga, usipime saa nne asubuhi ukaridhika.

Valvu za mbele, zile ndogo zinazokuza sauti kabla haijafika kwenye valvu za nguvu, hazina mengi. 12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja. Nafasi ya kwanza, inayopokea gitaa, ipe ile iliyo kimya kuliko zote. Igonge polepole kwa penseli, sauti ikiwa juu: ikilia kama kengele, ihamishie nafasi ya nyuma. Usiweke 12AX7 palipoandikwa 12AT7 kwa kutafuta sauti kubwa. Pale panapoendesha riveba (mwangwi) kwenye Fender, mkondo ni mkubwa na 12AX7 haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Nikimaliza huiacha amplifaya ikipiga kwa muda wa saa mbili, nikiipima tena mwanzoni na mwishoni. Kisha hubandika karatasi ndani ya kabati: tarehe, aina ya valvu, volti za bamba, miliampea za kila moja, na chochote nilichobadilisha kabla ya valvu. Ya yule mpiga solo sasa ina karatasi nne. Ya kwanza, mstari wa juu kabisa, imeandikwa kapasita mbili.