Usipime maumivu kwa ukubwa wa mshono

Muuguzi mmoja, mgeni katika wodi ya upasuaji, ameniandikia: "Sister, wewe unajuaje nani atalia usiku?" Nimefurahi, sifichi. Hapa Arua, Uganda, wenzangu huniita mganga kwa sababu hiyohiyo.

Hakuna uganga. Namuuliza mgonjwa kabla hajaingia thieta: sasa hivi unaumwa wapi, na tangu lini? Dawa za maumivu unameza kila siku? Unaogopa nini hasa? Anayeingia akiwa na maumivu ya muda mrefu, au aliyekwisha kujiambia hatayaweza, mara nyingi ndiye hutaabika zaidi akizinduka. Vijana nao huumia kuliko wazee, hata wale wanaojikaza mbele ya wake zao. Halafu namtazama uso ninapomwekea kanula, ile sindano ya mshipa. Watafiti nao wameliona hilo: sindano ile ikimuuma sana, jihadhari naye.

Sasa nisikilizeni. Kuna mzee alikuja kukatwa bawasiri. Nilimwona anavyotetemeka, na alikuwa ameshinda wiki nyingi hawezi kukaa. Nikamwambia daktari, huyu Panadol peke yake haitamtosha. Akanijibu mbele ya wanafunzi: "Hiyo ni operesheni ndogo. Siku hizi sister ndiye daktari?" Neno lile linanichoma mpaka leo. Usiku mzee aliuma shuka. Daktari alipoitwa, aliandika dawa ileile niliyokuwa nimeitaja mchana. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, ila nilitamani wale wanafunzi wangekuwepo.

Na si mimi tu ninayesema. Mwaka 2013 Wajerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 50,000 na aina 179 za upasuaji. Kidole tumbo, tonsili na bawasiri zilikuwa miongoni mwa zilizouma sana siku ya kwanza, kuzidi baadhi ya operesheni kubwa za tumbo. Sababu moja ni kwamba anayepasuliwa tumbo zima huandaliwa dawa kali mapema, lakini wa operesheni "ndogo" anaachiwa vidonge.

Kwa hiyo, dada zangu, ulizeni! Andikeni kwenye faili, tena kwa wino unaosomeka, maana neno la mdomo hukanushwa. Dawa itolewe kwa saa yake, msingoje kilio. Tena msikubali kuambiwa muuguzi hajui maumivu: tangu 2004 Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya wenye magonjwa mazito, kuandika mofini, dawa kali ya maumivu. Nendeni mkasome.

Utabiri hukosea pia, kwa hiyo rudi kitandani umuulize maumivu ni ngapi, kutoka 0 hadi 10. Aliyelala bila kujitikisa atakwambia 2. Mwambie akohoe, kisha umuulize tena.