Usimlipe modo kwa mkupuo kabla hujaandika picha itatumika wapi na mpaka lini

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una mamodo watatu (wanamitindo), siku moja ya kupiga picha za kutangazia bidhaa zenu, bajeti ya kubana, na mpango wako ni kuwapa "kitu kidogo cha mkupuo halafu picha ziwe zetu daima". Hicho kipande cha mwisho ndicho kitakachokutoa jasho. Mambo ya taa na rangi ya ukuta uliyouliza yatasubiri.

Kwa modo unanunua vitu viwili, na kila kimoja kina bei yake. Kwanza muda wake: saa za kupakwa vipodozi, kujaribu nguo na kusimama mbele ya kamera. Pili, ruhusa ya kutumia sura yake kuuzia bidhaa. Muda unaisha taa zikizimwa. Ruhusa ndiyo kwanza inaanza kazi. Ukivitia vyote kwenye bahasha moja, hakuna ajuaye bahasha ililipia nini. Wewe utasema daima, yeye atasema ni kwa ukurasa wenu wa mtandaoni tu, na hamna karatasi ya kuwaamua.

Siku ya shuti hutaona tatizo, kila mtu anacheka. Linakuja miezi kadhaa baadaye, picha moja inapopendwa ikapandishwa kwenye fungashio, kisha bango, kisha msambazaji naye anaiomba aitumie kwenye matangazo yake. Modo anatumiwa sura yake mwenyewe na shangazi yake. Hapo ndipo mnaanza kuongea bei, na bei ikiongelewa mzigo ukiwa umeshachapwa, mwenye kauli si wewe. Piga hesabu ya kukusanya fungashio madukani, kupiga picha upya, kuchapa upya na kumlipa mwanasheria. Ulichookoa kwenye ada ya modo hakinunui hata stika za kuziba uso wake. Usiniulize nimejuaje.

Na usidhani ni balaa la wadogo tu. Mwaka 1986 modo Russell Christoff alipigwa picha kwa ajili ya Nestlé ya Kanada, akalipwa dola 250. Mkataba ulisema picha ikiwekwa kwenye lebo, analipwa dola 2,000 na kamisheni ya wakala juu. Baadaye Nestlé ya Marekani ikaichukua sura ile ikaiweka kwenye lebo za kahawa ya Taster's Choice bila kumwuliza. Akajiona dukani mwaka 2002. Mwaka 2005 baraza la wazee wa mahakama huko California likasema alipwe zaidi ya dola milioni 15. Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2007, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya California ikairudisha kesi chini kwa mabishano ya muda wa kushtaki. Tazama lakini: mkataba ulikuwepo, na kipengele cha lebo kilikuwemo. Picha ilisafiri, karatasi ikabaki. Kwa hiyo jina la faili lenyewe libebe tarehe ya mwisho wa matumizi, na mkataba ukae folda moja na picha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa huyo aliyekuambia "picha ni ya mpiga picha, modo hana lake" mwambie aje hapa. Hakimiliki ya picha ni jambo moja, ridhaa ya mwenye sura kutumika kwenye tangazo ni jingine. Hawa washauri wa bure wana ujasiri wa ajabu kwa pesa za wenzao. Wamo na wale mawakala wa "usijali, kila kitu kimo", ambao ukiwaomba wakuandikie hicho kila kitu, simu inaishiwa chaji.

Anza hivi. Kabla ya kutaja hela, andika mistari minne: itatumika wapi (kurasa zenu, matangazo ya kulipia, machapisho, fungashio, mabango), nchi zipi, kwa muda gani, na nani mwingine anaruhusiwa kuitumia. Bajeti ikiwa ndogo, punguza matumizi, usipunguze utu wa mtu. Kurasa zenu tu, nchi moja, miezi 12. Bei ya kuongeza muda, au kuhamia kwenye fungashio, iandikwe leo wakati hakuna mwenye haraka.

Kwa mfano, kwa sarafu yoyote, ada ya modo mmoja kwa siku nzima ya saa 8 iwe 100. Nusu siku ya saa 4 usiiweke 50; weka 60 au 70, kwa sababu ile nusu nyingine ni nadra apate pa kuiuza. Saa ya ziada mara moja na nusu: 100 kwa 8 ni 12.5, kwa hiyo 18.75. Matumizi ya miezi 12 kwenye kurasa zenu weka 50. Siku na matumizi ni 150 kwa kila mmoja; mamodo watatu ni 450. Una 300? Chukua wawili. Usiwachukue watatu ukawalipa kila mmoja theluthi mbili kisha ukashangaa mmoja hakutokea asubuhi.

Kama kuna wakala, uliza ada ni kabla au baada ya kamisheni. Mara nyingi anakata asilimia 20 kwa modo na kuongeza 20 kwako: wewe unatoa 120, modo anaondoka na 80. Kile kipengele cha kumzuia asitangaze bidhaa za washindani kifute. Ni kazi anazokosa, lazima uzilipie, na kwa biashara changa hakikusaidii kitu. Kubadilisha sura yake kwa akili mnemba kuwe na mstari wake na sahihi yake. Aliye chini ya umri anasainiwa na mzazi au mlezi. Na "tutakulipa kwa picha" ni ya mazoezi baina ya wanaojijenga. Panapouzwa bidhaa, lipa.

Najua mtasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Sawa. Ila huu wa kwako, mkuu, unatoa ulimi.

Uliuliza pia pa kuwapata mamodo na nani agharamie nguo; wengine watakujibu. Wewe niandikie ile mistari minne, ibandike hapa kabla hujamtumia mtu nauli.