Majani yamestawi, kwa hiyo udongo ni salama?

SWALI: Habari mtaalamu. Sisi ni kikundi cha watu wa kujitolea, tuna bustani ya jamii yenye matuta 8 na mboga zote zinaenda kwenye jiko linalopikia watu wasio na makazi. Sasa tumepewa kiwanja cha jirani tukitumie bure, tunataka tuongeze matuta 24. Zamani palikuwa na garaji ila lilifungwa miaka mingi, saivi majani yameota mpaka kiunoni kwa hiyo inaonekana rutuba ipo ya kutosha. Kuna kijana ametuuzia dumu la dawa ya vijidudu vya kusafisha udongo, na ametushauri tupande alizeti msimu mmoja zivute sumu ndo tuanze mboga. Udongo tumeshaupima na kile kipimo cha kuchomeka, kilisoma vizuri. Naomba kujua tuache nafasi gani kati ya matuta na tuanze na mboga gani?

JIBU: Asante dada. Nafasi kati ya matuta acheni sentimita 60, na njia kuu moja ya karibu mita 1 ili toroli lipite, upana wa tuta usizidi mita 1 na sentimita 20 ili mtu afike katikati bila kukanyaga. Hilo limeisha. Kilichonikosesha raha ni lile neno umelipitisha katikati ya sentensi kama vile unataja rangi ya geti, eti zamani palikuwa na garaji, afu hapohapo ukaniambia majani yameota mpaka kiunoni kana kwamba moja linafuta lingine.

Hii ndo hoja ninayokutana nayo kila wiki na naomba leo niimalize. Majani kustawi kunakwambia kuna maji, kuna jua na kuna naitrojeni kiasi, basi. Hakukwambii chochote kuhusu madini ya risasi, na garaji ni moja ya sehemu za kwanza kabisa kuyatafuta kwa sababu betri za magari zimejaa risasi, watu walikuwa wanazipasua palepale chini, rangi za zamani zilikuwa nayo, na petroli yenyewe ilikuwa inachanganywa risasi kwa miongo mingi, nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya hivyo kwa ajili ya magari ni Algeria mwaka 2021, yani juzi tu. Mmea hauhangaiki na risasi kwenye viwango ambavyo mtoto anaumia. Nimeshaona bustani ina majani ya kijani mpaka unatamani upige picha, majibu ya maabara yakarudi nikakosa pa kuanzia kuwaambia wenyewe, maana walikuwa wameshavuna misimu mitatu.

Na risasi haiondoki kwa kukaa. Mvua haiisombi kirahisi, jua haliiunguzi, inajishika kwenye chembe za udongo na inabaki pale sentimita chache za juu kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo "lilifungwa miaka mingi" nayo haisaidii kitu.

Sasa huyo kijana wa dumu. Mimi sitaki kumwita tapeli maana simjui, labda na yeye kauziwa maneno, ila anachofanya ni kuchukua jambo la kweli na kulibandika mahali lisipohusika. Ni kweli kuna vijidudu vinavyokula mafuta, oili iliyomwagika kwenye udongo wenye hewa na unyevu inaweza kuvunjwavunjwa na bakteria taratibu. Lakini risasi ni elementi dada, yani kitu cha asili kisichogawanyika kuwa vitu vingine, haina cha kuvunjwa, kijidudu kikiimeza kikifa risasi iko palepale. Hakuna dawa ya dumu duniani inayofanya elementi ipotee. Mtu akikwambia dawa yake "inaondoa sumu zote" muulize inaipeleka wapi, atababaika.

Alizeti nayo tupige hesabu pamoja, na nitakuwa mkarimu kwa upande wake. Mita mraba moja ya udongo kina cha sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 200. Tuseme una miligramu 500 za risasi kwa kila kilo, hapo una gramu 100 za risasi kwenye hiyo mita mraba moja tu. Mtake ishuke mpaka miligramu 200, lazima mtoe gramu 60. Alizeti kwenye hiyo mita mkizikausha zikupe kilo 2, na tuseme kila kilo imebeba miligramu 50, maana risasi nyingi inagoma kupanda inabaki kwenye mizizi. Mmetoa gramu 0.1. Misimu 600. Kijana kakwambia mmoja! Na hapo lazima mng'oe kila kitu na mkitupe mahali maalum, kwa sababu nikiuliza watu wa alizeti huwa wanapeleka wapi mashina naambiwa kwenye mboji, yani unavuta sumu huku unairudisha kule.

Halafu hicho kipimo cha kuchomeka. Kina sindano mbili au tatu, kinasoma unyevu na kinakisia uchachu wa udongo, na hata huo mara nyingi kinakosea. Hakina uwezo wa kuona risasi hata ukikichomeka kwenye betri yenyewe. Na hata maabara ya kweli, kipimo cha kawaida cha rutuba kinakupa pH (huo uchachu), fosforasi, potasiamu na mengineyo lakini metali nzito kama risasi hakipimi mpaka uombe. Watu wananiletea karatasi wananiambia "tulishapima" nikiangalia ni rutuba tu.

Mnachotakiwa kufanya ni hiki. Kigaweni kiwanja kwa historia yake, msikigawe kwa urembo: palipokuwa na meza za kazi au betri peke yake, kando ya kuta peke yake (rangi inabanduka inaanguka hapo), upande wa barabara peke yake, na sehemu ya nyuma peke yake. Kila sehemu chukueni udongo kidogo mahali 10 mpaka 15, kina cha sentimita 15 za juu, mchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, mtoe kama nusu kilo, muandike jina. Wapigieni maabara kabla, waambieni wazi palikuwa garaji, muombe jumla ya risasi, kadmiamu na aseniki (nazo ni sumu kama risasi), na mabaki ya mafuta ya petroli. Mkichimba mkakuta udongo mweusi unanuka dizeli au thina, simamisheni kazi, hapo inahitajika mtu wa mazingira.

Namba mtakayoletewa isomeni kwa kiwango cha nchi yenu, ila kukupa picha, udongo ambao haujaguswa mara nyingi una miligramu 10 mpaka 50 za risasi kwa kilo, na Marekani mwaka 2024 walishusha kiwango chao cha kuanza kujiuliza maswali kwenye udongo wa makazi kutoka 400 mpaka 200. Kuchanganya mboji kunasaidia kweli, mkiweka nusu kwa nusu kwa uzito kiwango kinashuka nusu, pH ikikaa juu ya 6.5 risasi inatulia zaidi, lakini kama mmeanza na 1,200 nusu yake bado ni 600, mboji haifanyi miujiza.

Jambo lingine watu wanalielewa kichwa chini miguu juu: wanaogopa risasi inayopanda ndani ya mmea, kumbe kubwa zaidi ni vumbi. Ni ule udongo ulioganda kwenye majani ya chini mvua ikiruka, ule uliong'ang'ania kwenye karoti, ule ulioko kwenye kucha za wanaopalilia na viatu wanavyoingia navyo jikoni. Ndo maana nyanya, maharage, pilipili na maboga hatari yake ni ndogo, na mboga za majani na za mizizi ndo za kuogopa. Matandazo mazito kwenye njia zote na chini ya mimea yanapunguza vumbi kuliko dawa yoyote ya dumu. Kadmiamu ni habari nyingine, yenyewe inapanda kwenye majani ya spinachi na saladi vizuri tu, kuosha hakuitoi.

Kwa nini nakuwa mkali? Kwa sababu ya nani anakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara 4 mpaka 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile. Tumbo likiwa tupu linafyonza zaidi, mwili wenye upungufu wa madini chuma na kalisiamu unafyonza zaidi, na risasi iliyojificha kwenye mifupa ya mama inarudi kwenye damu akiwa mjamzito. Sasa nitajie ni kina nani wanaopanga foleni kwenye hilo jiko lenu. Mimi nikinunua mboga nisizoziamini naweza kubadilisha muuzaji, yule anayelala nje hana muuzaji mwingine, anakula mnachompa tena pengine kila siku. Nimeshaambiwa "lakini wana njaa, bora wale" na mtu aliyesoma kabisa, nikamwomba aanze yeye kula na watoto wake mwaka mzima, mazungumzo yakaishia hapo.

Majibu yakiwa ya kati, jengeni matuta ya boksi juu ya ardhi, wekeni kwanza kile kitambaa kigumu kinachopitisha maji, afu sentimita 30 za udongo safi. Boksi la mita 1.2 kwa 2.4 linameza karibu mita za ujazo 0.86, kwa hiyo matuta 24 ni kama mita za ujazo 21, hiyo ni mzigo wa lori na siyo wa toroli, ipangieni bajeti sasa. Na udongo wa kununua nao upimwe! Watu wanauza "udongo wa juu" uliochotwa kwenye jengo la zamani lililobomolewa, unatoka kwenye sumu unaingia kwenye sumu nyingine kwa hela yako mwenyewe. Mbao msiokoteze mataruma ya reli, yamelowekwa kreosoti, yani mafuta ya lami yenye sumu ya kuzuia mbao zisioze, wala nguzo za zamani zenye dawa ya kijani, nyingi zina aseniki, wala milango ya nyumba iliyobomolewa. Majibu yakiwa juu sana msichimbe wala msifyeke kavukavu mkatimua vumbi, yafikisheni kwa mamlaka ya mazingira.

Wakati mnasubiri maabara hamjakaa bure. Yale matuta 8 wengi huwa wanavuna nusu ya uwezo wake, kila tuta likitolewa zao liwe na miche mingine tayari kwenye kitalu siku hiyohiyo, siyo kukaa wiki tatu wazi. Mpishi akae nanyi kwenye kikao cha kupanga, maana watu wengi wanaolala nje meno yao yamechoka na hawana pa kupikia, karoti mbichi au boga zima ukimpa mkononi hajui alifanye nini, wakati mpishi anataka vitu vinavyoiva vikalainika na kwa wingi siku anazopika. Maji pia, kwa makadirio ya lita 25 kwa mita mraba kwa wiki, matuta 24 yanataka kama lita 1,700 kila wiki msimu wa kiangazi, nani anabeba? Na samadi mbichi wekeni siku 120 kabla ya kuvuna kitu kinachogusa udongo, siku 90 kwa kisichogusa.

Dumu kama halijafunguliwa mrudishieni muombe hela yenu, kama limefunguliwa liwekeni kando, msilimwage bustanini wala kwenye mboji, maana hatujui ndani yake kuna nini. Alizeti pandeni pembeni ya yale matuta 8 ya zamani kwa ajili ya nyuki, ni nzuri. Kwenye kiwanja kipya msipande kitu mpaka karatasi ya maabara iwe mkononi, na ikifika nitumie nione, majibu ya sehemu zote nne na siyo wastani wake, kwa sababu kona moja ya betri inaweza kufichwa na nyingine tatu nzuri.