Barua kwa Mwanangu: Umeniuliza Habari ya Uingereza

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Swali lako nimelipata: ukubali kazi ya uuguzi Uingereza, au ubaki usubiri kandarasi ya kaunti. Nitalijibu. Ila usiku niliposoma ujumbe wako sikuiwaza Uingereza kabisa, nilimuwaza mzee mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale.

Mwaka 2020, wa korona, ulikuwa nyumbani, shule zimefungwa, ukinipitishia sahani dirishani kule chumba cha uani na kunisogezea ndoo ya jiki kwa mguu. Ya wodini sikukusimulia. Baba yako alikuwa hataki yazungumzwe penye chakula, na siku hizo kila wakati palikuwa na chakula.

Mzee aliletwa Mfungo wa Ramadhani, Mji wa Kale umefungwa, hana wa kumfuata. Pumzi zinamkimbia. Na sisi ndani ya yale mavazi, kwa joto la Mombasa, jasho linashuka hadi viatuni. Nyuso hazionekani, basi tukajiandika majina kifuani kwa makapeni. Mimi niliandika "Mama" na jina lako. Daktari akataka mzee alale kifudifudi, mapafu yapate hewa. Akakataa katakata. Mwenzangu akasema, "Kitanda cha dirishani hataki kugeuka." Nikamwambia niliyokwambia wewe tangu unaingia chuo: mgonjwa haitwi kwa kitanda. Nikamwita mzee kwa jina lake, nikamuuliza kinachomsumbua. Akanijibu kwa pumzi za vipandevipande: kibla iko wapi?

Kumbe ni hilo tu! Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, na kitanda chake kilielekea baharini. Tukalegeza breki za magurudumu, tukakizungusha mpaka mrija wa oksijeni ukafika mwisho, tukausogeza na mtungi. Akageuka mwenyewe, hakusukumwa.

Alipona. Jina lake, la babake na la babu yake nayajua hadi leo, ila hapa siyaandiki. Mwaka uliofuata nikamkuta Marikiti, amesimama mbele yangu anabishana bei ya nazi. Akanitazama, akasema, "Pita, mama, mimi na huyu hatujamalizana." Hakunijua. Angenijuaje, naye alijua macho tu na sauti? Nikanunua ndimu zangu nikaenda. Najiambia nilifurahi. Hapana, iliniuma. Lakini kumuona mtu aliyekuwa hana pumzi akizimaliza kwa shilingi tano za nazi, mwanangu, hilo nalo lina raha yake.

Usije ukadhani nakwambia ubaki. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma kudai mavazi ya kujikinga na bima ya matibabu, nilitoka nao, na kesho ningetoka tena. Siku mgomo ulipoanza ndiyo siku alipofariki kwa korona daktari kijana wa miaka 28, amekaa miezi bila mshahara. Nchi iliyomfanyia hivyo daktari wake isimuulize mtoto wangu mbona anaondoka.

Lakini huko nako! Madaktari 10 wa kwanza kutangazwa kufa kwa korona Uingereza, wote walikuwa watu wenye asili ya nje: Afrika, Asia, Mashariki ya Kati. Hayo hawayasemi majirani zetu. Tangu serikali hizi mbili zitie saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, kila nikitoka naulizwa wangu anaondoka lini, utadhani naficha harusi. Mshahara wa huko ni mzuri, sikatai. Vifaa vipo. Ila pale penye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, kwetu au kwao, ndipo watu huanza kuitwa vitanda, na mgonjwa haitwi kwa kitanda.

Baba yako amenionya nisikuamulie. Sikuamulii. Neno langu ninalo, na ungeniuliza kama muuguzi mwenzangu ningeshalitamka. Umeniuliza kama mwanangu, basi nalimeza, na linakwama. Mkataba usiutie saini bado. Uje nao Jumapili, mjomba wako atakuwepo, na Kiingereza chake ni cha mahakamani. Muutazame hasa pale wanapotaka urudishe gharama zao ukiacha kazi mapema. Na unipigie kabla hujapanda feri, nijue kama nipike wali au mumekwisha kula kwa shangazi yako.

Mamako